DONG Energy hadi Ørsted: makaa ya mawe waliyaachaje bila kufilisika?

Kandili

Wakuu, salaam. Shirika la nishati la Denmark, DONG, liliishi kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Leo linaitwa Ørsted, na habari zake zote ni upepo wa baharini. Kila ninaposoma nakuta maelezo yaleyale: waliamua, wakabadilika. Nataka ya ndani. Fedha ilitoka wapi? Mitambo ya makaa ya mawe ilibomolewa au iliendelea kufua umeme? Na kama walifanikiwa hivyo, kwa nini hisa zimeporomoka tangu 2021?

Mizania

Mkuu Kandili, tuanze na fedha. DONG iliundwa na serikali 1972 kwa ajili ya gesi. Ufuaji umeme uliingia kwa uzito 2006, ilipounganishwa na makampuni kama Elsam na Energi E2. Hao ndio waliokuja na makaa ya mawe, na haohao ndio waliokuja na upepo wa baharini: Horns Rev 1 ya 2002, mitambo 80 ya megawati (MW) 2, na Nysted ya 2003. Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani, lilijengwa 1991 kwa mitambo 11 ya kW 450. Jumla haifiki hata MW 5. Kwa hiyo walipotangaza mpango wa 85/15 (asilimia 85 ya umeme na joto itoke kwenye nishati jadidifu ifikapo 2040, kinyume cha hali ya wakati ule), ujuzi walikuwa nao nyumbani. Walifika 2019.

Mwaka 2009 waliachana na mradi wa makaa ya mawe wa MW 1,600 huko Lubmin, Ujerumani, wakafunga mkataba na kampuni ya Siemens wa hadi mitambo 500 ya upepo ya MW 3.6. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Ukiagiza mtambo wa aina moja kwa mamia, meli, vipuri na mafundi ni walewale mradi hadi mradi.

Fedha sasa. Shamba la upepo la Anholt lina MW 400. Walilijenga, lakini kabla halijakamilika, 2011, waliuza nusu kwa mifuko miwili ya pensheni ya Denmark. Mfuko unapata mapato yanayotabirika, kampuni inapata fedha ya mradi unaofuata na inabaki na kazi ya ujenzi na uendeshaji. Walirudia mtindo huo mara nyingi.

Hata hivyo 2012 walikuwa hoi. Mikataba yao ya muda mrefu ya kununua gesi ilifuata bei ya mafuta, huku gesi ya sokoni ikiwa rahisi zaidi. Mkurugenzi mpya, Henrik Poulsen, akauza mali zisizohusika. Mwaka 2014 benki ya Marekani ya Goldman Sachs wakaingia na kroni (fedha ya Denmark) bilioni 8 kununua sehemu ya kampuni, chama kimoja kikatoka serikalini kwa hasira. Wakaingia soko la hisa 2016, serikali ikibaki na zaidi ya nusu. Visima vya mafuta na gesi vikauzwa kwa kampuni ya kemikali ya Ineos 2017, jina likabadilishwa mwaka huohuo.

Fundi Boila

Suala la mitambo ya makaa ya mawe: nyingi ziligeuzwa zichome mbao. Avedøre na Studstrup zinatumia peleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa. Asnæs vipande vya mbao, sawa na Skærbæk, ingawa huo ulikuwa wa gesi. Ukisikia mtu anasema "unabadilisha mafuta tu", hajawahi kuusogelea mtambo.

La kwanza ni nafasi. Tani moja ya makaa ya mawe ina gigajuli (kipimo cha nishati) kama 25, peleti kama 17, tena peleti ni nyepesi kwa ujazo. Kwa joto lilelile unahitaji karibu mara mbili ya ujazo. Makaa ya mawe unayamwaga uwanjani yanyeshewe. Peleti zikinyeshewa zinavimba na kuwa uji. Lazima maghala yafunikwe na mikanda ya kupakilia ifungwe kabisa.

Kufunga nako kunaleta mengine. Vumbi la mbao hewani hulipuka kwa cheche ndogo, hivyo kila sehemu ya kumwagia inahitaji kufyonzwa vumbi. Lundo kubwa hupata joto lenyewe kutoka ndani, na ghala hujaa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mtu haingii bila kipima gesi. Silo ya Studstrup, yaani ghala lake la peleti, iliwaka 2022.

Kwenye vinu vya kusagia, wengi hudhani kinu kinasaga mbao. Hakisagi. Kinavunja peleti tu zirudi kuwa vumbi lilelile la kiwandani. Ikiwa kiwanda kilitumia chembe kubwa, hazitaungua zikiwa hewani. Zitaanguka chini ya boila zikiwa nusu mbichi. Hewa ya kinuni nayo inapunguzwa joto, maana mbao huanza kutoa gesi mapema kuliko makaa ya mawe.

Mwisho majivu. Ni machache sana lakini yana potasiamu, inayoganda kwenye mabomba ya mvuke, kuyala, na kuua kichocheo cha kusafisha moshi. Dawa yake inachekesha: unarusha majivu ya makaa ya mawe kwenye boila, yanaikamata potasiamu. Ukishaacha makaa ya mawe, unaanza kutafuta majivu yake ya kununua.

Kilicholipia yote haya ni joto. Mitambo hiyo hutoa umeme pamoja na maji ya moto ya kupasha nyumba mijini, na Denmark haitozi mbao kodi ya nishati inayotozwa makaa ya mawe kwenye joto. Unafuu huo waligawana na wateja. Mitambo ya makaa ya mawe ya Esbjerg haikugeuzwa; ilitakiwa kufungwa 2023, serikali ikaamuru iendelee kwa sababu ya uhaba wa gesi, ikazimwa Agosti 2024.

Mtema Kuni

Kwa hiyo sehemu ya "mageuzi" ni kuni. Msumeno unakata leo, mti unarudi baada ya miaka kadhaa, lakini kwenye hesabu za kaboni moshi unaandikwa sifuri kwenye bomba. Vyeti vya misitu wanavyo, sawa, lakini asilimia zao msizisome kana kwamba zote ni upepo.

Fundi Boila

Hapo sikupingi.

Bahari Kuu

Niongeze ya baharini. Horns Rev 1, 2004: transfoma na jenereta zilianza kufa baada ya muda mfupi, vichwa vyote 80 (visanduku vya mashine juu ya minara) vikashushwa na kupelekwa nchi kavu kutengenezwa. Vifaa vya nchi kavu viliwekwa kwenye hewa ya chumvi.

Kosa lililojulikana 2021 linafundisha zaidi. Kebo inapotoka kwenye nguzo ya chuma huvikwa ala ya kuilinda, nayo hulala juu ya mawe yaliyomwagwa ili mkondo usichimbe mchanga kwenye mguu wa nguzo. Zamani waliweka tabaka la pili la mawe juu ya kebo kuikandamiza. Baadaye tabaka hilo likaachwa. Mkondo ukaicheza ala juu ya mawe mpaka ikalika na kebo ikaanza kuumia. Mashamba hadi kumi, makadirio kroni bilioni 3.

Na Hornsea 1, shamba lao la upepo baharini Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019: radi ilipiga njia ya umeme ya nchi kavu, mfumo wa shamba wa kudhibiti volti ukayumba, MW 737 zikapotea papo hapo. Mtambo wa gesi wa Little Barford nao ukatoka. Masafa ya umeme wa gridi yakashuka hadi Hz 48.8 badala ya 50, wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Mitambo yenyewe ilikuwa mizima. Walichorekebisha ni programu.

Kandili

Shukrani wakuu. Na hisa?

Mizania

Mtambo wa gesi unalipia gesi kadiri unavyochoma. Wa upepo unalipia karibu kila kitu kabla ya kuuza uniti ya kwanza, tena kwa fedha ya mkopo. Ocean Wind 1, mradi wao wa upepo baharini huko New Jersey, Marekani, ilishinda zabuni 2019 enzi za riba ndogo. Riba ikapanda, vifaa vikapanda, meli zikachelewa, bei ya kuuzia iko palepale. Novemba 2023 wakaifuta pamoja na Ocean Wind 2, wakaandika hasara ya kroni bilioni 28.4 kwenye thamani ya mali. Gawio likasimamishwa, na 2025 wakaomba wanahisa kroni bilioni 60.

Kwa huku kwetu jambo la kuangalia kwanza ni njia ya kusafirisha umeme. Kule Turkana, Kenya, mitambo yote 365 ya upepo ya Vestas ilikuwa imeshasimikwa 2017. Njia ya umeme ya kwenda Suswa ikakamilika 2018, na mkataba ulitaka mwekezaji alipwe hata kwa umeme ambao haukuwa na pa kupita.