Baba ana Parkinson: chakula kipi kinamfaa, na hivi virutubisho vya dukani tununue?

Binti_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Baba yangu ana miaka 68, tunaishi naye hapa Umoja. Daktari wa neva alimpata na Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mgumu, mwaka jana, akamwanzishia levodopa iliyochanganywa na karbidopa, mara tatu kwa siku. Ilimsaidia sana. Mkono ulitulia, akawa anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Siku hizi dawa ya asubuhi ni kama haishiki. Anaimeza saa moja kwa chai ya maziwa, na mayai mawili papo hapo. Saa tatu bado anaburuta miguu, na akifika mlangoni anaganda, nyayo hazinyanyuki mpaka mtu amshike mkono. Lakini ile ya mchana, anayomeza kabla chakula hakijaiva, inafanya kazi vizuri.

Kuna mtu anatuuzia virutubisho: vidonge vya Q10, vitamini E na unga wa mbegu za upupu. Anasema baba atapunguza vidonge vya hospitali, tena tumkataze nyama na maziwa kabisa. Bei yake ni karibu kodi ya mwezi. Walio na mgonjwa nyumbani, naomba mniambie ukweli.

MamaKahawaWest
Pole sana mpenzi. Jibu umeshaliandika mwenyewe hapo kwa dawa ya mchana. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Sasa akiamka anameza kidonge kwa maji matupu, tunangoja angalau nusu saa, ndipo anapewa uji wa wimbi au nduma. Mayai, maharagwe na samaki tumevisogeza jioni. Jaribuni wiki mbili na muandike kwa daftari saa ya dawa, saa ya chakula na saa anayoanza kutembea vizuri. Daktari wetu alifurahia hilo daftari kuliko maelezo yetu yote.

Mfamasia_Eastlands
Mama amesema kweli, na sababu ni hii: protini ikishasagwa tumboni, vipande vyake na levodopa vinagombea mlango mmoja, kwanza kwenye utumbo, halafu tena kuingia ubongoni. Kwa hivyo dawa imezwe nusu saa kabla ya mlo, au saa moja hadi mbili baada yake. Madini ya chuma nayo huishika levodopa isifyonzwe, kwa hivyo kama baba anakunywa vidonge vya kuongeza damu, vipishane kwa saa mbili au zaidi.

Kumkataza nyama na maziwa kabisa, hapana! Wagonjwa wengi wa Parkinson hupungua uzito na misuli, na protini wanaihitaji. Mnachobadilisha ni saa ya kula.

Q10 ilijaribiwa Marekani hadi miligramu 2,400 kwa siku. Matokeo yalichapishwa 2014, na haikushinda vidonge visivyo na dawa. Vitamini E nayo ilishindwa mwaka 1993. Hiyo pesa mnunulieni mzee matunda.

Kijana_wa_Donholm
Lakini upupu si una levodopa ya asili? Mjomba wangu anautumia na anatembea. Hospitali hawataki tu tujue.

Mfamasia_Eastlands
Ndugu, upupu una levodopa kweli, hakuna anayeficha. Ndiyo maana naogopa. Kiasi hubadilika kutoka unga mmoja hadi mwingine, na karbidopa, inayoilinda levodopa isivunjwe kabla ya kufika ubongoni, haimo. Ukiuongeza juu ya vidonge, mzee anaweza kutapika, presha ikashuka, au mwili ukaanza kujinyonganyonga bila yeye kutaka. Na vidonge visipunguzwe wala kukatwa ghafla bila daktari, hiyo ni hatari kubwa. Mjomba wako amweleze daktari wake anachokunywa.

Nesi_Mstaafu
Niulize jambo ambalo watu huona haya kulisema: choo anapata? Parkinson hufunga tumbo, na tumbo likifunga dawa hukawia kufika inakofyonzwa. Papai, sukuma, ndengu jioni, na maji siku nzima, hata kama anaogopa kuamka usiku kwenda choo. Basi apunguze kuanzia magharibi. Akiwa anapaliwa, akae wima kabisa wakati wa kula na msimharakishe.

Akipata kichefuchefu, msinunue metoklopramidi dukani. Inazuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo levodopa hugeuka kuwa, na itamrudisha nyuma. Vitamini D muulizeni daktari, maana mifupa ni muhimu kwa mtu anayeanguka.

Binti_Umoja
Asanteni sana, Mungu awabariki. Choo ni shida, siku tatu nne zinapita, na sikujua inahusiana. Yule muuzaji nimemwambia asije. Ila baba hali asubuhi bila chai ya maziwa, amekunywa hivyo maisha yake yote. Nifanyeje?

MamaKahawaWest
Usimnyime. Kidonge kwa maji saa kumi na mbili na nusu, chai yake saa moja na robo, na viazi vitamu. Mayai mpe usiku. Rudi utuambie mlangoni anapitaje.