Mjadala: Desemba hii redio zimpumzishe Jim Reeves?

Kengele_Bovu: Wakuu, Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi, na kutoka Mombasa hadi Mbeya tutalishwa tena Twelve Songs of Christmas, albamu ya 1963 ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Nyimbo ziko 12, redio zinapiga nne zile zile. Zimpumzishe mzee wa watu. Tena nyingine hata si za Noeli: Blue Christmas ni mtu anamlilia mpenzi, White Christmas ni theluji tupu, na Jingle Bells ya 1857 haitaji Krismasi hata mara moja. Sauti yenyewe ni kipaza sauti tu, kile cha kuimbia, kilichomfanyia kazi.

Sahani33: Theluji nakuachia, hiyo sina ugomvi nayo. Ila hilo la kipaza, hapana. Sikiliza Mexican Joe ya 1953, halafu Four Walls ya 1957. Kwenye ya kwanza anapaza juu kama wenzake wote wa kantri wakati ule. Kwenye ya pili ameshusha sauti, midomo karibu iguse chuma. Hakuna kipaza kinachomshushia mtu sauti, alishusha mwenyewe.

NyuziSita: Kantri ipi? Fidla iko wapi? Lile gitaa la kulaza linalotelezeshwa chuma liko wapi? Chet Atkins, mtayarishaji wa santuri zake, na wenzake pale Nashville waliviweka pembeni, wakaleta violini za ukumbini na waitikiaji laini ili hata asiyependa kantri anunue santuri. Huo ni muziki wa sofa.

Sahani33: Sofa? C-H-R-I-S-T-M-A-S iliyo kwenye albamu hiyo waliitunga Eddy Arnold na Jenny Lou Carson, watu wa kantri. Blue Christmas ilivuma na Ernest Tubb, naye wa kantri, kabla Elvis hajaigusa 1957. Hao nao wanauza samani?

NyuziSita: Kutunga ni kutunga, kupanga vyombo ni kupanga vyombo. Nimesema vyombo.

Bonde_la_Ufa: Mnagombania nini, na Mary's Boy Child ya Boney M, lile kundi la disko, mzee aliiiga tu?

MamaAlto: Kaka, aliiga wimbo wa 1978 naye amekufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964? Ule aliutunga Jester Hairston. Mwimbaji Harry Belafonte akauimba 1956, Reeves 1963, Boney M wakaja mwisho wakaunganisha na Oh My Lord.

Bonde_la_Ufa: Sawa dada, lakini ya Boney M inachezeka.

Kengele_Bovu: Kumbe albamu ilimtangulia kaburini kwa Krismasi moja tu. Nilidhani ilitolewa baada ya kifo. Msimamo wangu haujabadilika: kipaza.

FundiSpika: Tuliweke sawa. Vipaza vingi vya jukwaani husikia zaidi mbele kuliko nyuma. Ukiwa sentimita 30, besi yako ni ile uliyozaliwa nayo. Ukisogea hadi 5, sauti nzito, za chini ya hezi 200 hivi (mitetemo 200 kwa sekunde), hupanda, na kifua kinasikika kipana kuliko kilivyo.

Kengele_Bovu: Asante! Umemaliza kesi.

FundiSpika: Sijamaliza. Kinachopanda si besi peke yake. Hewa ya p na b hupiga kama mtu kagonga meza. Kuvuta pumzi kunasikika, mate yanasikika, na ukiyumba sentimita tatu tu sauti inabadilika rangi katikati ya neno. Sasa angalia Silent Night: ubeti wa kwanza unaishia na "peace". Ni p, na iko kwenye noti ya chini kabisa ya wimbo. Asiyejua kazi hapo ndipo spika hutapika. Kipaza kinaongeza besi, pumzi hakiongezi.

KijanaWaKwaya: Fundi, basi tupe ujanja. Waimbaji wa solo wote wanataka kumwiga mkesha wa Krismasi, matokeo yake spika zinapiga mluzi.

FundiSpika: Kosa la kwanza ni kukumbatia kichwa cha kipaza kwa ngumi kama wanamuziki wa video. Matundu ya nyuma ndiyo yanayokifanya kikatae sauti za nyuma. Ukiyaziba kinasikia pande zote, spika inaingia, mluzi unaanza. Shika mpini. Pili, kielekeze kwenye kona ya mdomo, mshazari nyuzi kama 45, hewa ya p ipite pembeni. Tatu, kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kata chini ya hezi 80 hadi 100, na kama sauti bado ni tope punguza besi kidogo badala ya kuongeza trebo (sauti nyembamba za juu), maana trebo ndiyo inaita mluzi. Spika ziwe mbele ya vipaza, zisimwangalie mwimbaji. Kwenye noti za juu rudi nyuma hadi sentimita 15, kisha usogee tena taratibu.

NyuziSita: Na wateremshe kii, yaani noti wimbo unapokalia. Silent Night inatanda oktavu moja (kutoka noti moja hadi ya jina hilo hilo juu yake) na noti tatu zaidi. Kwenye C mwimbaji anaanzia C ya chini hadi F ya juu, na mwanamume akifika ile F anapiga kelele, ukaribu wa kipaza haumsaidii tena. Apige G: kodi za gitaa tatu tu, G, C na D7.

MamaAlto: Wanaume bwana. Kwenye G sopranu waimbe melodi hiyo wapi, chini ya sakafu?

NyuziSita: Wanyamaze.

MamaAlto: Hawanyamazi. Melodi abaki nayo solo, wanawake wavumishe "uuu" juu yake. Kwenye G alto ashike B, wa kati D, wa juu G. Ikija D7: C, D, F kali (F#). Ikija C: C, E, G. Hakuna anayeruka mbali, kwa hiyo hata kwaya ya mazoezi mawili inaweza. Wakae hatua mbili nyuma ya solo, wawe na kipaza chao kimoja umbali wa mita moja hivi. Wakikigombania kile cha solo, ule ukaribu wote anaoueleza fundi umekufa.

NyuziSita: Basi nawe umepanga muziki wa sofa.

MamaAlto: Nimepanga, na utakaa juu yake.

Kengele_Bovu: Niliuliza redio.

Sahani33: Redio zipige nane zinazobaki. Zianze na An Old Christmas Card, kwa sababu huwezi kumwingiza mtu kwenye Krismasi kwa kengele za farasi kabla hajatulia. Watangazaji wanaanza na Jingle Bells, halafu mnalalamika mzee anachosha.

NyuziSita: Nane hizo zina Señor Santa Claus ndani yake. Ikigongwa hiyo nazima redio.

Bonde_la_Ufa: Dada Alto, na ile ya Boney M wanawake wakae kii gani?