Usalama wa abiria kwenye vifodi vya Arusha: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tuzungumzie wizi unaowapata abiria kwenye vifodi, yaani daladala, vya hapa mjini, kwa sababu wanaoshuka Kilombero au Stendi Ndogo wakiwa hawana simu wamekuwa wengi mno. Kuambiana kila siku tushike mikoba yetu hakutoshi, kwani wizi huu una utaratibu wake, na asiyeujua ataibiwa hata kama mkoba ameukumbatia.

Mimi husafiri asubuhi kutoka Sakina, na nilichojifunza ni kwamba hatari kubwa haiko kwenye kiti, iko mlangoni. Gari likisimama, vijana wawili watatu hupanda kwa pamoja. Wa mbele husita kwenye ngazi akidai amekosea gari, wa nyuma husukuma, na aliyebanwa katikati yao hupekuliwa mfuko wakati akili yake yote iko kwenye kugombea kiti. Konda anapogonga bodi ili gari liondoke, wale vijana wameshashuka, wakisema wanasubiri lingine. Tangu nilipolielewa hilo, simu huiweka mfuko wa ndani kabla sijafika kituoni, na nauli kamili huwa naishika mkononi ili nisifungue pochi mbele za watu. Naombeni nanyi mseme yaliyowakuta, na mlichofanya baadaye.

Mama wa Kijenge

Ahsante kwa mada hii, mwanangu. Yangu yalinikuta jioni nikitoka Soko Kuu, ndani ya kifodi kilichojaa hadi watu wameinama mlangoni. Kijana aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa amekunja koti mkononi, licha ya joto lililokuwamo, na koti lile lilikuwa limefunika mkoba wangu wote. Nilipohisi zipu inasogea, nilimwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Baba, ondoa koti lako juu ya mkoba wangu." Gari zima likageuka kumtazama, naye akaomba ashushwe.

Niliacha kwa makusudi kupiga ukelele wa mwizi. Ukelele huo ukishasikika barabarani, watu hawaulizi tena. Mawe huanza kabla polisi hawajafika, na anayeuawa huenda hata siye aliyechukua kitu. Nawasihi sana, hasa ninyi vijana, mseme kwa sauti kile mnachokiona bila kumkabidhi mtu kwa umati.

Konda wa zamani, Ngaramtoni

Shikamoo mama, hapo umesema jambo zito. Nimefanya kazi ya mlangoni kwa miaka, na napenda abiria wajue kwa nini konda hunyamaza. Wale vijana tunawafahamu kwa sura, lakini konda akimtaja mmoja wao asubuhi, mchana atarudi kwenye stendi ileile wanakoshinda, na tajiri, yaani mwenye gari, atadai hesabu yake jioni hata kama konda amepigwa na kunyang'anywa makusanyo. Ndiyo maana wengi wetu tulikuwa tunasema kwa mzunguko: "Jamani, kila mtu aangalie mzigo wake." Konda akirudia maneno hayo zaidi ya mara moja, kuna mtu ameingia, na ni vizuri ukaangalia nani amesimama nyuma yako.

Lawama ya kujaza abiria kupita viti ni ya kwetu kweli, kwa sababu mwizi hana kazi mahali ambapo kila mtu amekaa na mikono ya jirani yake inaonekana. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo ndiyo inayotoa leseni za njia, nayo yanahitaji namba ya gari, si rangi yake.

Msafiri wa Usa River

Kwa sisi tunaorudi usiku kupitia Tengeru, tatizo ni gari lenyewe. Vifodi vikipungua, hujitokeza magari ya watu binafsi yanayookota abiria njiani. Dada wa jirani yetu alipanda moja lililokuwa na wanaume watatu aliodhani ni abiria wenzake, kumbe wote walikuwa kundi moja. Walimnyang'anya simu, wakamlazimisha kutaja namba ya siri ya pesa za simu, kisha wakamshusha gizani. Alipofika nyumbani alitumia simu ya kaka yake kuomba laini ifungwe usiku uleule, na fedha zilizobaki zikapona. Asubuhi tukaenda naye polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa ya tukio.

Gari la biashara lina kibao cha namba cheupe na la binafsi lina cha njano, kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli mimi huangalia kibao kwanza, kisha humtumia mtu wa nyumbani namba hiyo.

Mwanzisha mada

Pole kwa huyo dada. Naongeza kwamba ni vyema kila mmoja apige *#06# leo na kuandika IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yake, kwenye karatasi itakayobaki nyumbani, kwa sababu bila namba hiyo ni vigumu kuomba simu iliyoibiwa ifungiwe. Wanaotumia njia za Moshono na Kwa Mrombo bado hatujawasikia. Naomba waeleze hali ilivyo huko, hasa jioni wanafunzi wanapotoka shule.