Nina chupa moja tu imebaki ya bia nyeusi ya Krismasi, ya kwanza niliiharibu, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu anaishi Ubelgiji, wiki iliyopita kashuka Dar kaniletea St. Bernardus Christmas Ale mbili, chupa kubwa za mililita 750. Juzi nikafungua moja na waifu, nilikuwa nimeilaza kwenye friji usiku kucha na saa moja ya mwisho nikaihamishia friza maana hili joto la Mbezi mnalijua, nikamimina yote mpaka tone la mwisho, aisee ikatoka na matope, mdomoni nasikia uchungu tu na kilevi kinapanda puani. Hiyo karafuu na matunda makavu aliyoisifia shem sijaiona. Iliniuma kweli, chupa imebebwa mbali vile.

Iliyobaki nataka niifungue tarehe 25 na baba mkwe, mwaka huu hapandi Moshi. Naifanyaje? Na inaendana na msosi gani?

Mzee wa Tabata:
Baridi ndiyo iliyokuponza mkuu. Bia zetu zenye kilevi cha asilimia 4 au 5 zinapendeza zikiwa za baridi kali, hiyo ni asilimia 10, ulimi ukishakufa ganzi utabaki na uchungu basi. Itoe friji nusu saa kabla, iwe kama nyuzi 10 hadi 12, na tumia glasi ya waini yenye tumbo, jaza nusu tu harufu ibaki humo ndani. Onja kidogo uiache, rudi baada ya dakika kumi, hapo ndo zabibu kavu na sukari iliyoungua vinaanza kujitokeza.

Dada wa Upanga:
Hayo matope ni hamira, bia hiyo inachacha tena ndani ya chupa. Isimamishe siku mbili bila kuigusa, halafu mimina taratibu glasi zote kwa mkupuo mmoja, ukiinua chupa katikati unaivuruga, na uache kidogo chini. Kama baba mkwe amekulia kwenye mbege machicha hayatamtisha, muulize kama anayataka.

Kijana wa Kigamboni:
Niongezee hapo kwenye karafuu, sio lazima iwe imetiwa. Hamira za Kibelgiji zenyewe zikichacha zinatoa harufu kama ya karafuu na ndizi mbivu. Wengine wanatia viungo kweli, mdalasini, kungumanga, maganda ya chungwa. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilianza bia yao ya Krismasi 1975, kila mwaka walikuwa wanabadilisha mapishi na hawakuwa wanasema wametia nini, mpaka kiwanda kikafungwa 2023. Niliwahi kuionja mara moja, naikumbuka mpaka leo.

Mama Pilau:
Msosi ni pilau ya nyama, wala usihangaike. Karafuu, iliki na mdalasini ziko kwenye sahani tayari, na kile kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia kina utamu unaoshikana na ule wa shayiri iliyokaangwa. Kachumbari isiwe na pilipili nyingi, pilipili inaamsha kilevi.

Mzee wa Tabata:
Mi ningeenda na mbuzi choma ila pilau sikatai.

Mleta uzi:
Asanteni sana wakuu, chupa nishaisimamisha kabatini. Tukibakiza nusu inalala mpaka kesho?

Dada wa Upanga:
Hapana, gesi itaondoka. Gawaneni watu wanne, na mwenye gari aliache hapohapo kwako.