Lori la chumvi limembana ndugu yangu Mambrui, sasa wataka asaini haraka haraka

Kijana wa Maweni
Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu ni mtu wa boda, juzi alikuwa atoka Gongoni arudi Malindi, kufika Mambrui trela la chumvi likamuovateki likambana mpaka mtaroni. Mguu umevunjika, ashatiwa vyuma, bado yuko wadi. Polisi walikuja wakapima. Jana kaja kijana kavaa tai, asema katumwa na mwenye gari, ana fomu na elfu hamsini keshi, tukisaini leo twapewa leo, kortini ati tutazeeka. Mama ataka tuchukue maana boda yenyewe ni ya mkopo na bili yapanda. Mie roho yakataa. Tufanyeje?

Ngomeni Finest
Bro chukueni. Kesi za gari nazijua, leo dereva hakuja, kesho hakimu yuko likizo, keshokutwa faili haionekani. Elfu hamsini mkononi si haba.

Karani Mstaafu
@Ngomeni usimpoteze mtu. Hiyo fomu imeandikwa kwamba mmelipwa mmemalizana na hamdai tena, ukishasaini mguu ukioza shauri yako. Na hivyo vyuma vitatakiwa kutolewa siku moja, hiyo ni operesheni nyingine, daktari aitaje kwenye ripoti yake na wakili aidai kwenye kesi. Wanakimbilia wadi sababu saa hizi hamjajua hasara yenyewe ni kiasi gani.

Muda mnao, kesi ya majeraha ni miaka 3 tangu siku ya ajali, ila msilale. Nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB (kitabu chao cha matukio), abstrakti (ripoti fupi ya polisi ya ajali) na P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, ijazwe na daktari. Kwenye abstrakti hakikisha jina la kampuni ya bima na namba ya sera (policy) ya bima vimeandikwa, wakati mwingine huachwa wazi sijui kwa bahati mbaya au la. Risiti wekeni ZOTE, hata ya panadol na tuktuk ya kwenda hospitali, korti hailipi gharama isiyo na risiti. Anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari, bima hulipa hukumu ikishatoka mpaka milioni 3 kwa mtu mmoja, kwa hivyo wakili awaandikie bima notisi mapema wasije wakaruka. Na hamna haja ya kungoja ile kesi ya trafiki iishe, ingawa dereva akipatikana na hatia yawasaidia sana. Alikuwa na helmeti? Wataliuliza hilo, korti yaweza kumpa na yeye sehemu ya lawama na fidia ikapunguzwa.

Bint Mokowe
Poleni sana, Mungu ampe shifaa. Huku kwetu Lamu tangu bandari ianze malori yapita usiku na mchana, haya mambo tumeyazoea. Mie nataka kumwonya juu ya hawa mawakala wanaozunguka wadini ati "nina wakili wangu." Kutafutia wakili wateja hivyo ni kosa kisheria, na wakili wa aina hiyo ndiye hela zikitoka hapokei simu. Jirani yangu alisikia bima walilipa zamani, yeye hajaona hata thumuni!! Jina la wakili angalia kwenye tovuti ya Law Society kama ana leseni ya mwaka huu. Akikwambia "hulipi kitu, tutagawana nusu kwa nusu tukishinda" huyo pia muogope, sheria ya mawakili haikubali mkataba wa wakili kulipwa kesi ikishinda tu. Ada muandikiane.

Kijana wa Maweni
Shukran sana. Helmeti alikuwa nayo, imepasuka, ipo nyumbani. Fomu nimemrudishia yule kijana, mama kanuna kidogo. Ila nimeangalia picha nilopiga pale, kichwa cha lori kina namba ya KD na trela nyuma lina namba yake yaanza na Z, na majina mlangoni ni tofauti na kampuni aloitaja yule wa tai. Sasa namshtaki nani?

Karani Mstaafu
Hiyo helmeti usiitupe. Namba zote mbili mpe wakili atafute NTSA (wanaosajili magari) kila moja imesajiliwa kwa jina la nani, maandishi ya mlangoni hayathibitishi kitu. Wakitokea wenye gari wawili washtakiwe wote pamoja na dereva, wakabishane wao kwa wao mbele ya hakimu.

Ngomeni Finest
Haya basi nimenyamaza 😂 mwambieni mama boda ya mkopo ikaongeleshwe kwa mwenye mkopo, aonyeshwe abstrakti, huenda akawapa muda.