Manowari siyo nyambizi! Waandishi wa historia ya vita vya majini mnatuchanganya

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Manowari ni meli yoyote ya kivita; nyambizi ni ile tu inayopiga mbizi chini ya maji. Jana jioni mpwa wangu kaja na simu mkononi: "Anko, kumbe Mjerumani alikuwa na nyambizi Rufiji?" Nikamuuliza kayatoa wapi. Akanionyesha makala ndefu kuhusu Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aya ya kwanza "manowari", ya pili "nyambizi", ya nne "boti ya kivita", mwishoni "merikebu". Meli ni hiyo hiyo moja! Mwandishi kaogopa kurudia neno, basi kila aya kaibatiza upya.

Königsberg ilikuwa kruza nyepesi, yaani meli ya kivita yenye mbio, ya kupigana juu ya maji, yenye mizinga 10 ya milimita 105. Haikuwahi kupiga mbizi hata siku moja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta Pegasus, kruza ya Waingereza, imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji.

Hapo ndipo neno moja linapoharibu habari nzima. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa sababu zingekwama kwenye maji mafupi. Ndiyo maana zikaletwa monita mbili, Severn na Mersey: vyombo vipana, tumbo halizami sana majini, mizinga mizito. Julai 1915 zikaingia mtoni na kuimaliza. Makala inaziita "meli kubwa za kivita". Sasa msomaji ataelewa nini?

Najua mtaani wapo wanaoiita nyambizi manowari. Sawa, nayo ni chombo cha vita. Lakini huwezi kugeuza ukaita kila manowari nyambizi!

Halafu kuna "kuzama" na "kuzamishwa". Goetzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika ambayo leo ni Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, tena mitambo wakaipaka grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Makala hiyo hiyo inasema "ilizama", mistari mitatu mbele "ilizamishwa na Waingereza". Chagua moja, tena iliyo kweli!

Mwandishi, kama umo humu, rekebisha leo. Chagua neno, lieleze mara moja, ulishike mpaka nukta ya mwisho. Mhariri naye alikuwa wapi? Dogo ameshaandika "nyambizi ya Rufiji" kwenye daftari la historia, kwa wino.