Mwanza: Kuta zimeingia mpaka majini, watoto wetu wanaogea kwenye matete

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, kandokando ya Ziwa Victoria lenye kilomita za mraba 68,800, limefika mahali ambapo mtu wa kipato cha kawaida hana pa kukaa mchangani na familia yake Jumapili bila kufungua pochi. Anayebisha atoke Capri Point, apite Bwiru, aende hadi Igombe, kisha aje aniambie ni wapi ameyafikia maji safi bila kukutana na geti, seng'enge au mlinzi.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Juzi juzi nilichukua wanangu na watoto wa dada yangu tukashuka kwa njia ya miguu ambayo watu wa mtaa wetu wameitumia miaka yote kuchota maji, kufua na kuogelea. Njia imezibwa. Ukuta wa tofali umeshuka kutoka barabarani mpaka ndani ya ziwa, yaani mawimbi yanaupiga, na juu yake vimepandwa vipande vya chupa. Mlinzi ni kijana mstaarabu, simlaumu hata kidogo. Akaniambia, "Shikamoo mzee, hapa ni eneo binafsi, zungukeni geti kuu." Geti kuu kuna kiingilio kwa kila kichwa, mtoto mdogo naye analipa, na chakula cha kutoka nyumbani marufuku. Tulikuwa na hotpoti la wali na sato wa kukaanga. Tukaambiwa tuliache getini tutalichukua tukitoka. Mwanangu wa darasa la pili akauliza kama ziwa nalo ni la yule mwenye hoteli. Nilikosa jibu la kumpa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wapo watakaosema mwenye kiwanja ana hati yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa au bahari. Sitini! Ukuta wa zege na tofali si shughuli ya kudumu? Najua Waziri amepewa nafasi ya kuweka miongozo ya nini kifanyike ndani ya eneo hilo. Sawa. Lakini mwongozo gani utamruhusu mtu ajenge ukuta unaoingia majini na kuwafungia wengine wote njia? Na kinachouma zaidi ni kwamba mita 60 hizo hizo zinakumbukwa vizuri sana mama wa mchicha anapong'olewa matuta yake, au kibanda cha wavuvi kinapobomolewa. Kwa mama yule futi kamba inatolewa. Kwa mwenye ukuta hakuna anayepima.

Kuna watu wataona hili ni suala la starehe tu. Si kweli, ni suala la afya. Fukwe zenye mchanga, zinazopigwa na upepo na mawimbi, ndizo zilizozungushiwa kuta. Tulichoachiwa ni vighuba vyenye matete, gugumaji na maji yaliyotulia, na penye majani na maji yaliyotulia ndipo konokono wa kichocho hustawi. Vijidudu hutoka kwa konokono, vinaogelea, vinapenya kwenye ngozi ya mtoto anayecheza majini, wala hahitaji kuyanywa. Watoto wetu shuleni wanapewa vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, jioni wanarudi kuogelea kwenye matete yale yale kwa sababu hawana pengine. Bado sijasema kiboko na mamba. Bado sijasema maji machafu ya Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji na kumwagikia ziwani.

Nisieleweke vibaya, sipingi biashara. Kiingilio cha Saanane nalipa kwa moyo mweupe, kwa sababu kile kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kuna wanyama na mazingira ya kutunzwa, na boti ya kuvukia haijiendeshi yenyewe. Mwenye hoteli naye atoze anavyotaka meza zake, vivuli vyake, vyoo vyake, bwawa lake. Mchanga ambao maji yanaulamba hakuujenga yeye.

Nilipeleka malalamiko ofisi moja inayohusika. Nikatumwa nyingine. Ile ya pili wakaniambia nilete barua kutoka ile ya kwanza. Nimeleta barua, imegongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu hapo kimya. Nikipiga simu naambiwa mhusika yuko safari.

Ninachotaka ni kitu kinachowezekana kabisa. Wapimaji washuke na futi zao, waweke vigingi vya mita 60 ambavyo kila mtu anaviona, kuanzia kwa wakubwa. Kila ukuta unaoingia majini ubomolewe kwa gharama ya aliyeujenga. Njia za zamani za kwenda ziwani zirudi kwenye ramani za mipango miji, tena ziwe na upana wa kupita mtu na baiskeli yenye madumu. Na Nyamagana na Ilemela kila moja itenge ufukwe mmoja wa umma wenye mchanga, choo na mwokoaji aliyefunzwa. Mmoja tu kila wilaya, jamani.

Wenye picha za kuta zilizoingia majini, iwe Mwanza, Magu, Sengerema au Ukerewe, wekeni hapa chini, mtaje mtaa na tarehe, sura za walinzi mzifiche. Na kama kuna mwanasheria humu anayejua namna ya kufungua shauri kwa niaba ya wananchi wa mtaa mzima, aje inboksi. Barua yangu yenye muhuri ninayo.